Kutoka Kimondo hadi Ikombe: nilivyoufikisha mtungi Morogoro ukiwa mzima

Mtungi ninaouzungumzia uko jikoni kwangu Morogoro, kwenye kona isiyopigwa jua, umekalia kata ya kitambaa kwa sababu kitako chake ni cha mviringo. Umepanda mtumbwi, bodaboda, Noah, kosta na basi la mkoani. Kila stendi niliyoshuka nao kulikuwa na mtu wa kuniambia hautafika. Umefika, na kwa kuwa nimeshaulizwa mara nyingi nilifanyaje, naandika yote kwa pamoja. Ila itabidi nianze na jiwe, maana safari yenyewe ilianzia huko.

Mwezi wa nane nilikuwa Mbeya kwenye harusi ya binamu yangu. Harusi ikaisha, nikabaki na wiki nzima ya likizo mkononi. Kimondo cha Mbozi, bonge lililoanguka kutoka angani, nilikijua tangu shule ya msingi kama mstari mmoja wa daftari, lakini katika ukoo wetu wote, hata waliozaliwa Mbeya na kukulia Mbeya, sikumpata aliyewahi kukiona. Jumanne asubuhi, baridi ikiwa bado inauma, nikapanda kosta ya Tunduma na kumwomba konda anishushe penye kibao cha Kimondo. Hapo nikapatana na kijana wa bodaboda: shilingi 15,000 kunipeleka, kunisubiri na kunirudisha. Kupatana na kusubiri ni muhimu, kwa sababu ukimwachia aondoke unaweza kukaa sana bila kuona pikipiki nyingine. Njia inapita kwenye mashamba ya kahawa, na kwa msimu ule vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo mtandio wangu ulifanya kazi ya barakoa.

Kimondo kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, na siku hizi kituo kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Nililipa kiingilio, nikaandika jina kitabuni, kisha nikashuka na kijana anayeongoza wageni.

Nilitarajia jiwe. Nilichokikuta ni chuma. Urefu wake ni kama mita 3, kimo chake kama mita 1, na uzito unakadiriwa kati ya tani 12 na 16. Asilimia 90 hivi ni chuma kitupu, kinachobaki karibu chote ni nikeli. Kijana alinieleza kwamba mwaka 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alipokiandika kwa mara ya kwanza, ni mgongo tu uliokuwa umechomoza ardhini. Baadaye wakachimba pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo wakaijengea saruji. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya meza, wakati ukweli ni kwamba hakijainuliwa. Kiko palepale, ila kilima ndicho kilichoondolewa pembeni yake.

Niliuliza liko wapi shimo kilipoangukia. Hakuna. Kilianguka zamani mno, akasema, mvua na mmomonyoko vimeshafuta kila kitu.

Nikaweka kiganja. Saa tatu asubuhi kilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Kwa mbali uso wake unaonekana umechakaa tu, lakini ukisogea unaona vishimo vya duara, vya kina kifupi, vimepangana bega kwa bega, kila kimoja kinapokea kidole vizuri. Hivyo vilichongwa kilipokuwa kinapita kwenye hewa kwa kasi kubwa, uso wake ukiyeyuka na kukwanguliwa kwa joto. Upande mmoja kuna mahali palipokatwa kwa msumeno ili wataalamu wapate kipande cha kuchunguza, na ukipapasa hapo unajua mara moja kwamba ni mkono wa mtu, pamenyooka mno. Nilikaa karibu saa nzima nikivipitisha vidole kwenye vile vishimo. Yule kijana akanitazama, akasema, "Dada, si ni kama mtu amebonyeza dole gumba kwenye udongo mbichi?"

Jioni nikamsimulia shangazi nyumbani kwake Uyole. Akainuka, akaniletea chungu chake cha kupikia maharage, akaniambia nitie mkono ndani. Kwa nje kilikuwa laini kabisa, rangi ya udongo mwekundu na michoro myeupe shingoni iliyoanza kufifia kwa moshi. Kwa ndani, chini ya mdomo, kulikuwa na vibonyeo vya vidole. "Hivi ni vya Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, vinatoka kijiji cha Ikombe," akasema. "Nenda ukaone wenyewe wanavyobonyeza. Lakini uwahi Ijumaa, maana Jumamosi wanakuwa Lyulilo gulioni."

Shika hilo la siku. Mnada wa vyungu wa Lyulilo, pale Matema, ni Jumamosi. Ukitaka kuona kazi ikifanyika, fika Ikombe kabla yake. Ukitaka kununua tu, Jumamosi inatosha. Mimi nilitaka vyote, kwa hiyo Alhamisi nikaondoka.

Njia ya kwenda huko inajulikana: Uyole, Tukuyu, kisha unateremka kuelekea Kyela. Sweta nililivua mara moja tu na sikulivaa tena, kwa sababu ukishaipita chai na migomba ya Rungwe unashuka hadi kwenye joto la ziwa, kokoa imeanikwa kando ya barabara. Nilishuka njia panda ya Kikusya, nikapanda Noah kupitia Ipinda hadi Matema, lami safi. Nilifika jua linazama, nikala wali wa Kyela na mbasa, nikalala.

Ijumaa alfajiri kijana mmoja akanipeleka Ikombe kwa mtumbwi. Milima ya Livingstone pale haina subira. Inashuka moja kwa moja hadi majini, na kijiji kimebanwa kwenye kipande kidogo cha ardhi kati ya mlima na ziwa. Hata kabla ya kufika pwani unaona vyungu vimeanikwa, midomo imeelekea chini.

Nilifanya jambo moja ambalo nadhani ndilo lililonifungulia mlango: sikutoa simu. Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba mwanangu," nikamwomba nikae nimtazame. Akanionyesha mkeka. Baada ya muda akanisogezea rundo la udongo uliotwangwa, akaniambia nitoe kokoto. Nikafanya kazi hiyo hadi mgongo ukaanza kuuma, na katika muda huo niliona zaidi ya ambavyo ningeona kwa kupiga picha. Picha niliomba mchana, akaniruhusu mwenyewe.

Hatumii gurudumu. Anachukua kigae kipana, kitako cha chungu cha zamani, anakiweka chini, na bonge la udongo linakaa humo. Ngumi inaingia katikati na kufungua shimo. Baada ya hapo mkono wa kushoto unakizungusha kigae polepole, wa kulia uko ndani, unaubana udongo kati ya vidole na kuupandisha. Ukuta unakua kadiri kigae kinavyozunguka. Nje anapitisha kigunzi cha mahindi ili udongo ushikane, kisha kipande cha kibuyu cha kulainishia. Mdomo anaumalizia kwa jani bichi lililoloweshwa, mizunguko miwili tu, unatoka umenyooka kama umekatwa. Kikishakauka kidogo anakipindua na kukwangua kitako kwa nje hadi kinakuwa chembamba. Wepesi wa vyungu vyao unatoka hapo. Siku za baadaye kinapakwa udongo mwekundu, kinasuguliwa kwa kokoto laini hadi king'ae, na michoro myeupe inawekwa.

Nikaomba kujaribu. Ukuta wangu ulipanda kama inchi nne, ukalala upande mmoja. Bibi akaweka mkono wake juu ya wangu. "Usisukume. Zungusha kigae, mkono utulie." Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu ukasimama. Mpaka leo mkono wangu unakumbuka tofauti ile: unapousukuma udongo unakukimbia, unapoutulizia mkono wenyewe unakuja.

Jioni wanawake wengine walikuwa wanachoma. Hakuna tanuri. Kuni zimepangwa chini, vyungu juu yake, nyasi kavu na mabua juu ya vyungu, kisha moto. Vinatolewa kwa miti mirefu vikiwa bado vyekundu. Vikipoa, kila kimoja kinagongwa kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia, sauti inaendelea kidogo baada ya kugongwa. Chenye ufa kinajibu "tu", basi. Nikagonga kumi na kitu nikiwa nimefumba macho hadi sikio likazoea. Kama unakwenda kununua, jifunze hilo kabla ya lolote, maana ufa mwingine huuoni kwa macho.

Jumamosi Lyulilo, mitumbwi iliwasili imejaa vyungu vilivyopandana hadi karibu na kingo. Nilinunua kwa bibi yuleyule: mtungi mmoja wa shilingi 8,000 na vyungu viwili vidogo. Sikuomba apunguze. Nilikuwa nimeona siku nzima ya kazi yake, na hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu.

Sasa kufunga. Mama mmoja anayechukua mzigo wa kwenda kuuza Tukuyu ndiye aliyenifundisha. Kwanza jaza majani makavu ya mgomba ndani ya chungu, yashikane bila kukandamizwa. Ukuta wa chungu unavunjika kirahisi ukisukumwa kutoka ndani. Kisha tafuta tenga, lile la nyanya. Weka nyasi chini, kalisha mtungi, na uhakikishe pande zote panapita vidole vinne kati yake na tenga, hapo katikati unajaza nyasi. Juu funga kwa kamba za mgomba zilizoloweshwa, zikikauka zinakaza zenyewe. Mtungi ukitikiswa usisikike.

Mtungi nikaufunga hivyo. Vyungu vidogo, kwa uvivu, nikavitia kwenye kiroba na nguo zangu. Kwenye Noah ya kurudi Kikusya kiroba kikawekwa nyuma, na njiani wakapakia gunia la mchele juu yake bila kuniuliza. Chungu kimoja kilitoka vipande saba. Niliumia, kwa sababu kilikuwa kile chenye michoro ya pembetatu niliyoona ikichorwa. Kuanzia hapo tenga halikutoka mikononi mwangu, na chungu kilichobaki nikakihamishia humo, ndani ya nyasi.

Jumatatu, Mbeya hadi Morogoro, konda wa basi alitaka tenga liende kwenye buti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo: tangu jana yake nilikata tiketi ya siti mbili. Ni pesa nyingi kuliko bei ya mtungi mara kadhaa, najua, na sikuona haya kulipa. Tenga likakaa dirishani, mimi upande wa njia, mkono mmoja juu yake kwenye kila tuta tangu Uyole. Mlima Kitonga tukashuka nimeukumbatia mtungi. Abiria wa mbele akageuka akaniuliza nimebeba kuku au vipi. Nikamfunulia kidogo nyasi, akautazama mtungi, kisha akapiga simu nyumbani kwake kueleza alichokiona.

Nyumbani sikuutumia siku ileile. Niliusuuza kwa maji matupu, kamwe usitie sabuni, udongo unainywa na utaionja kwa wiki. Nikauloweka usiku kucha. Chungu cha kupikia nilikipikia kwanza uji mwepesi kwa makaa machache, uji ukaziba vitundu vidogo, nikaumwaga. Mtungi wenyewe haupikiwi uji, kwa sababu vile vitundu ndivyo vinavyofanya kazi: maji kidogo yanapenya hadi nje, yanakauka kwa hewa, na yanapokauka yanachukua joto la yaliyobaki ndani. Siku ya kwanza ulitoa jasho hadi sakafu ikalowa, nikauwekea sahani chini. Maji ya mwanzo yalikuwa na ladha ya udongo. Mara ya nne ladha ikaisha, ikabaki harufu tu, kama ya mvua ya kwanza.

Morogoro mwezi wa kumi na moja kuna joto, na friji yangu siifungui tena kwa ajili ya maji. Ninapousafisha natia mkono shingoni, na kwa ndani, chini ya mdomo, kidole changu kinakutana na kibonyeo cha dole gumba la bibi. Lake ni pana kuliko langu. Changu kinaingia na nafasi inabaki.