Foklifti Ni Mizani Yenye Magurudumu

Siku nilipoelewa maana ya kile kibati kinachobandikwa karibu na usukani wa foklifti, ile mashine ya kuinulia na kuhamishia mizigo, nilikuwa nimeshaiendesha kwa miaka minne, tena nikijihesabu miongoni mwa madereva waliobobea. Tulikuwa tukihamisha kasha la mbao lililojaa vipuri vya mtambo. Hati ya mzigo ilionyesha kilo 1,800, na foklifti yangu ilikuwa ya tani 2, kwa hiyo sikuona sababu ya kusita. Nilipenyeza meno, yaani zile pau mbili za chuma za mbele, chini ya kasha, nikaliinua kiasi cha kuachana na sakafu, nikaanza kurudi kinyumenyume, na mara usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu kama usukani wa gari la mtoto. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yananing'inia hewani.

Wenzangu wawili walifanya lile ambalo mtu yeyote pale ghalani angelifanya wakati ule: walirukia nyuma ya foklifti, wakasimama juu ya ule uzito wa chuma, na magurudumu yakashuka. Tulicheka, tukamaliza kazi, tukaenda kula. Kilichonisumbua baadaye ni kwamba hila ile ilifaulu, maana jambo la hatari likifaulu mara moja, kesho yake huwa utaratibu. Tuliirudia kwa miezi kadhaa, na siku moja tu mmoja wao angeteleza, mguu wake ungekuwa chini ya gurudumu lililobeba tani kadhaa za chuma.

Foklifti si gari dogo lenye meno mbele, bali ni mizani yenye magurudumu. Ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Upande mmoja uko mzigo, upande wa pili uko uzito wa chuma uliofichwa nyuma ya kiti cha dereva pamoja na injini au betri. Ndiyo sababu mashine inayoonekana fupi na nyembamba huwa nzito kuliko gari la kawaida la familia mara mbili au zaidi. Na kama ilivyo katika mizani yoyote, kinachoamua upande gani utashuka ni uzito pamoja na umbali wake kutoka kwenye egemeo, wala si uzito peke yake.

Hapo ndipo kibati kinapoingia. Kibati cha foklifti yangu hakikusema tu kilo 2,000. Kilisema kilo 2,000 katika milimita 500, maana yake ni kwamba kitovu cha uzito wa mzigo kisiwe mbali zaidi ya nusu mita kutoka kwenye uso wa meno, pale yanapopinda kwenda juu. Paleti, yaani jukwaa la kupangia mizigo, ya mita moja iliyopangwa sawasawa inatimiza sharti hilo. Kasha letu lilikuwa na kina cha mita 2, kwa hiyo kitovu chake kilikuwa milimita 1,000 mbele. Tuseme kutoka ekseli hadi uso wa meno kuna milimita 450. Ukijumlisha na zile 500 za kibati, mzigo unaoruhusiwa unaibana mizani kwa kilo 2,000 zilizo umbali wa milimita 950 kutoka ekseli. Ukiusogeza mzigo hadi umbali wa milimita 1,450, uwezo unashuka hadi takriban kilo 1,310. Sisi tulikuwa na 1,800. Hesabu hii ni ya kuonyesha kanuni tu. Uwezo halisi husomwa kwenye kibati chenyewe au huulizwa kwa mtengenezaji. Lakini ningeijua mapema, ningelipima lile kasha kabla ya kuligusa.

Kuna jambo la pili ambalo madereva wengi wazoefu hulikataa mpaka uwachoree sakafuni kwa chaki. Foklifti ya kawaida ina magurudumu manne, lakini utulivu wake umekaa juu ya pembetatu. Pembe mbili ni magurudumu ya mbele, na ya tatu ni katikati ya ekseli ya nyuma, kwa sababu ekseli hiyo imefungwa kwa pini moja na huyumba kufuata sakafu. Maadamu kitovu cha uzito wa mashine na mzigo kimo ndani ya pembetatu, foklifti inasimama. Kikitoka, inaanguka, na hakuna ufundi wa usukani unaoweza kuirudisha.

Angalia sasa pembetatu hiyo ilivyo: imepanuka mbele, imechongoka nyuma. Foklifti isiyo na mzigo ina kitovu chake nyuma, kule kwenye ncha nyembamba. Kwa hiyo dereva aliyekwisha kushusha mzigo wake, akakunja kona kwa kasi huku mlingoti, ile reli ya mbele inayopandisha meno, ukiwa bado juu, yuko karibu na kuanguka ubavu kuliko alivyokuwa alipobeba. Watu huogopa foklifti iliyobeba na kuidharau iliyo tupu. Mimi humtazama kwa wasiwasi zaidi dereva anayerudi mtupu, kwa sababu huyo ndiye mwenye haraka. Meno yakae sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, mlingoti uinamishwe nyuma kidogo, na mlingoti uinuliwe tu ukiwa umesimama mbele ya rafu unayotaka kupanga.

Foklifti ikianguka ubavu, mwili wa dereva humwambia aruke, na akiutii huenda ukamuua. Mtu huruka kuelekea upande ule ule ambao mashine inaangukia, na paa la chuma lililowekwa kumlinda humfikia kabla hajasimama. Kinachotakiwa ni mkanda uwe umefungwa, mikono ishike usukani kwa nguvu, miguu ikanyage sakafu ya mashine, na mwili uegemee upande ulio kinyume na ule wa kuangukia. Foklifti ambayo dereva huiendesha akiwa amesimama na kuingilia kwa nyuma ni habari nyingine: hiyo dereva huiacha kwa kupiga hatua kurudi nyuma. Nimewahi kusikia mkanda ukilalamikiwa kwamba unachelewesha kazi, kwa kuwa dereva hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Malalamiko hayo nayaelewa, lakini jawabu lake ni kumpatia dereva msaidizi wa kumshikia hati na kumwekea paleti sawa.

Hata hivyo, wanaoumizwa na foklifti si madereva peke yao. Wapo watembea kwa miguu, na hapa nitakuwa mkali kidogo: ghala linalotegemea honi halina mpango wa usalama. Kila dereva akipiga honi kila kona, baada ya wiki mbili hakuna anayeisikia tena. Nimeona njia za watu zilizochorwa rangi ya manjano zikageuzwa mahali pa kuegeshea paleti, kwa sababu rangi haimzuii mtu. Nguzo na vizuizi vya chuma huzuia. Mlango wa watu ukitenganishwa na mlango wa foklifti, nusu ya mahubiri ya usalama ya asubuhi hayahitajiki. Honi ipigwe, ndiyo, hasa kwenye kona zisizoonekana na milangoni, lakini iwe nyongeza ya kizuizi.

Kinachowashangaza wageni zaidi ni mkia. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo dereva akizungusha usukani kwenda kushoto, sehemu ya nyuma hufagia kwenda kulia, kwa upana na kwa ghafla. Mtu aliyesimama ubavuni karibu na ukuta, akidhani mashine inamwacha, ndiye anayebanwa. Tena kuna umbali wa kusimama. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao kwa macho ni mwendo wa kukimbia polepole, foklifti inasafiri karibu mita 2.8 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kutambua kwamba mbele kuna mtu, mita hizo zimekwisha kupita kabla mguu haujafika kwenye breki, na akibana breki kwa nguvu akiwa amebeba, mzigo unaweza kuchomoka na kumtangulia. Mzigo ukiziba macho, endesha kinyumenyume ukitazama unakokwenda. Mteremkoni sivyo: ukiwa umebeba, mzigo ukae upande wa juu wakati wote, uwe unapanda au unashuka. Ukiwa mtupu, meno yaelekee upande wa chini wa mteremko. Wala usikunje kona mteremkoni.

Malori nayo yana kisa chao. Foklifti inaingia ndani ya tela kupitia bamba la chuma linaloziba pengo, na kila inapoingia na kubana breki, tela husukumwa kidogo kidogo. Breki za lori pekee hazitoshi. Weka vizuizi chini ya magurudumu. Hatari kubwa zaidi ni dereva wa lori kudhani kazi imekwisha na kuondoka huku foklifti ikiwa nusu ndani. Mahali nilipofanya kazi baadaye, ufunguo wa lori ulikuwa ukitundikwa kwenye msumari katika chumba cha msimamizi wa upakiaji mpaka mlango wa tela ufungwe. Madereva wa malori waliuchukia utaratibu huo. Sikuwahi kuona lori likiondoka kabla ya wakati.

Ukaguzi wa asubuhi watu huufanya kwa kalamu, yaani wanaweka alama za vema kwenye fomu bila kuinama. Mimi huanza na sakafu chini ya mashine, kwa sababu oili iliyovuja usiku haifichiki. Kisha matairi, minyororo ya mlingoti, mabomba ya haidroliki, breki, honi, taa, mkanda. Nikifika kwenye meno nainama, kwa kuwa meno huliwa pale kwenye kisigino, sehemu inayoburuzwa sakafuni. Jino la unene wa milimita 40 likifika 36 limepoteza asilimia 10 tu ya unene, na kwa macho huoni kitu. Lakini nguvu ya chuma kustahimili kupinda hufuata mraba wa unene, kwa hiyo jino hilo limepoteza karibu asilimia 20 ya nguvu yake na linapaswa kuondolewa kazini. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kuchomelea jino lililopasuka kwa fundi yeyote aliye karibu ni kujitafutia balaa, maana moto wa kuchomelea hubadilisha uimara wa chuma kile.

Kwa upande wa nishati nitasema machache. Foklifti za gesi na za dizeli hutoa moshi wenye monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na ghala lililofungwa milango kwa sababu ya mvua linaweza kuwalevya watu kabla hawajajua kwa nini kichwa kinauma. Betri za asidi na risasi hutoa haidrojeni zinapochajiwa, na gesi hiyo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Basi chumba cha kuchajia kiwe na hewa ya kutosha, na sigara zibaki mbali.

Kuna ombi moja ambalo nimeletewa na wakubwa zaidi ya mara moja: kumpandisha fundi juu ya paleti tupu ili abadilishe taa ya darini, kazi ya dakika tano. Paleti haikufungwa kwenye meno, haina ukingo, na dereva hawezi kumwona vizuri mtu aliye juu ya mlingoti. Mara ya kwanza nilikubali, na mpaka leo nikikumbuka jinsi yule fundi alivyokuwa akitafuta mahali pa kushika, mikono hunitoka jasho. Mtu hupandishwa kwa kikapu maalumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na kufungwa barabara, au kwa mashine nyingine kabisa. Msimamizi aliyeniomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na taa iliyoungua na saa moja ya kumaliza zamu, na hivyo ndivyo amri nyingi za hatari zinavyoanza.

Kanuni za Marekani zinataka kila mwendeshaji atathminiwe upya angalau mara moja kila miaka 3, na afunzwe tena akionekana akiendesha kwa hatari, akipata ajali au akiiponea chupuchupu. Kwangu mimi kipengele cha kuponea ndicho chenye thamani zaidi. Kasha letu la kilo 1,800 halikuandikwa popote. Halikumwumiza mtu, basi likawa hadithi ya kuchekesha wakati wa chai, na hakuna aliyekuja kutuuliza kwa nini magurudumu yaliinuka.

Siku hizi nafundisha, na mfukoni natembea na futi ya kupimia. Mwezi uliopita kijana mmoja, wiki yake ya pili kazini, alishuka kwenye foklifti mbele ya kasha lililokuwa bado ndani ya lori akaniomba nimwazime futi hiyo. Kina cha kasha kilikuwa mita 1 na sentimita 60. Alisoma kibati, akatazama hati ya mzigo, akatikisa kichwa. Tulisubiri foklifti kubwa kwa dakika 40, huku dereva wa lori akitutukana kwa ustadi wa hali ya juu, na kijana yule akiwa amekaa kwenye kingo ya sakafu ya kupakulia, meno ya mashine yake yameshushwa hadi chini, breki ya mkono imevutwa, na ufunguo uko mfukoni mwake.