Ukikata historia ya Git, komiti ya mpakani hujifanya ya kwanza

Katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, amri ya `git clone --depth 1` inashusha komiti (hatua iliyohifadhiwa ya mabadiliko) ya mwisho tu. Inaokoa bando na muda, hasa kwa ripo (hifadhi ya mradi) ya miaka mingi. Kasoro ni kwamba Git haiachi pengo mahali ilipokata. Inaandika utambulisho wa komiti ya mpakani, yaani ya zamani kuliko zote ulizoshusha, kwenye faili `.git/shallow`, kisha inaihesabu komiti hiyo kuwa haina mzazi (komiti iliyoitangulia). Vituko karibu vyote vinaanzia hapo.

`git blame`, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itambebesha mtu mmoja mistari yote. Dalili ni kialama cha `^` mbele ya utambulisho wa komiti. `git show` itaonyesha mafaili yote kama mapya. `git rev-list --count HEAD`, inayohesabu komiti, inarudisha 1, kwa hiyo anayetoa namba ya toleo kwa njia hiyo atajikuta amerudi nyuma. `git describe`, inayotaja toleo kwa kutumia tagi (majina yaliyobandikwa kwenye komiti), nayo inagoma, maana tagi zimebaki ng'ambo ya mpaka.

Hatari kubwa iko kwenye kuunganisha matawi, yaani mikondo ya kazi inayoendelea sambamba. Git isipomwona babu wa pamoja (komiti ambayo matawi yote mawili yalianzia) inakataa, ikidai historia mbili hazina undugu, na wengi hukimbilia `--allow-unrelated-histories`. Usiiguse! Bila babu Git haijui nani alibadilisha nini, na kila faili lililotofautiana linageuka mgongano. Ongeza kina kwanza: `git fetch --deepen=200`, au `git fetch --unshallow` ulete historia yote.

Tawi la mwenzako halionekani hata baada ya `git fetch`? `--depth` huja na `--single-branch` (tawi moja tu) bila kukuuliza. Andika `git remote set-branches origin '*'`, kisha fetch tena. Na ukikloni kutoka folda ya kompyuta hiyohiyo, `--depth` inapuuzwa mpaka njia ianze na `file://`.

Huna hakika ripo yako imekatwa? `git rev-parse --is-shallow-repository` inajibu `true` au `false`. Kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi kiotomatiki, `actions/checkout` hushusha komiti moja tu usipoiwekea `fetch-depth: 0`.

Kwa mashine ya kazi ya kila siku, bora `git clone --filter=blob:none`. Komiti zote zinakuja, yaliyomo ya mafaili ya zamani yanashushwa yanapohitajika. Gharama yake ni kwamba `git blame` ya faili la zamani itahitaji mtandao.