Faili la mteja haliguswi: programu ninazozitegemea steshenari

Kwa anayeitazama kutoka nje, kazi ya steshenari ni kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kuchapa barua za maombi ya kazi. Aliyekaa nyuma ya meza anajua kuwa sehemu kubwa ya siku hupita katika shughuli ambayo haikuandikwa kwenye bango la nje, nayo ni kuhangaika na mafaili ya watu yaliyopotea, yaliyogoma kufunguka au yaliyokuwa makubwa kupita kiasi. Mteja huleta flashi yenye ripoti ya utafiti, picha za mazishi ya mzazi au orodha ya wanachama wa kikundi, na mara nyingi hana nakala nyingine mahali popote. Ndiyo maana kipimo changu cha programu nzuri si urembo wake wala wingi wa vitufe vyake. Ninauliza jambo moja tu: programu hii inalifanya nini faili asilia? Inayosoma bila kuandika, au inayoandika mahali pengine na kuliacha la awali kama lilivyo, hupata nafasi kwenye kompyuta yangu. Inayolibadilisha kimyakimya hutazamwa kwa jicho la tahadhari, hata kama mji mzima unaisifu.

Nianze na virusi vya flashi, kwa kuwa ndivyo vinavyoleta watu wengi. Mtu anachomeka flashi aliyoitumia mahali pengine na kukuta kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato, yaani alama yenye kishale pembeni na ukubwa wa kilobaiti chache tu. Akiibofya mara mbili, pengine folda itafunguka kama kawaida, ila kirusi kitakuwa kimekwisha kuamshwa na kuhamia kwenye kompyuta, kikisubiri flashi inayofuata. Hapo ndipo wengi huambiwa kwamba flashi imekufa na dawa yake ni kuifomati. Si kweli. Kwa kawaida mafaili yote bado yamo; kirusi kimeyapa sifa ya kufichwa na sifa ya kuwa mali ya mfumo ili Windows isiyaonyeshe, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukitazama nafasi iliyotumika kwenye flashi utakuta bado ni gigabaiti kadhaa, na huo ni ushahidi tosha kwamba mzigo haujaenda popote.

Dawa yake imo ndani ya Windows yenyewe na haihitaji bando. Ikiwa flashi imepewa herufi E, unafungua dirisha la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na kubonyeza Enter. Alama tatu za mwanzo huondoa sifa ya kufichwa, ya kusomwa tu na ya mfumo; mbili zinazofuata huitaka amri ipite hadi kwenye folda za ndani na kuzishughulikia folda zenyewe pia. Folda halisi hujitokeza, na njia za mkato ukazifuta kwa mkono. Hata hivyo, amri hiyo inaandika kwenye flashi ya mteja, japo kidogo, kwa hiyo mimi hutanguliza hatua nyingine. Flashi nisiyoifahamu huchomekwa kwanza kwenye laptopu ya zamani yenye Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows. Virusi hivi vimeandikwa kwa ajili ya Windows na huko havina pa kuendeshea, na mafaili yaliyofichwa kwa mtindo huo huonekana waziwazi. Ninanakili kila kitu cha maana, ndipo ninapoanza matibabu. Laptopu yenyewe ilikuwa imeshindwa kuibeba Windows ya kisasa, lakini kwa kazi hii ya kupokea wageni haina mpinzani.

Jambo la pili kwa uzito ni picha zilizofutwa. Mpiga picha wa harusi amefomati kadi ya kamera akiamini kwamba picha zimekwisha kuhamishwa, kumbe bado. Kufuta faili kwenye kadi kwa kawaida hakuondoi yaliyomo. Kunaondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipokaa na kuitangaza nafasi ile kuwa wazi kwa matumizi mapya. PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Christophe Grenier na kutolewa pamoja na ndugu yake TestDisk, haijishughulishi kabisa na orodha ya mafaili. Huipitia kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo za aina za mafaili zinazojulikana. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Ikizikuta, hukusanya data inayofuata na kuihifadhi kama faili jipya.

Utendaji huo unaeleza faida na hasara zake zote. Picha hurudi bila majina yao, kila moja ikiitwa herufi f na namba ndefu, ndani ya folda zinazoitwa recup_dir. Picha ambayo vipande vyake vilitawanyika kwenye kadi huweza kurudi nusu, sehemu ya chini ikiwa kijivu kitupu. Na nafasi iliyokwisha kuandikwa juu yake hairudishiki kwa programu yoyote, hata ile inayouzwa kwa dola nyingi. Ndiyo maana neno la kwanza ninalomwambia mteja kwenye simu ni kwamba aitoe kadi kwenye kamera na asipige picha hata moja zaidi. PhotoRec huisoma kadi bila kuiandikia, na picha zilizookolewa lazima zielekezwe kwenye diski nyingine. Sura yake ni dirisha jeusi lenye maandishi meupe, jambo linalowatisha vijana ninaowafundisha, ingawa ipo pia QPhotoRec yenye vitufe vya kubofya.

Picha zikiokolewa huja mamia bila mpangilio, na hapo huingia ExifTool ya Phil Harvey. Kamera na simu huandika ndani ya kila picha tarehe na saa ilipopigwa, aina ya kamera na mara nyingine latitudo na longitudo ya mahali. ExifTool husoma taarifa hizo na inaweza kuyabadilisha majina ya folda nzima kwa mkupuo mmoja yafuate tarehe ya kupigwa, hivyo picha za kumpeleka mchumba kanisani zikatangulia zile za ukumbini bila mtu kukaa akizipanga kwa macho. Ukiitumia kurekebisha taarifa za ndani ya picha, huacha nakala ya awali kando, jina lake likiongezewa neno _original, na kwa kigezo changu hiyo ni adabu ya hali ya juu.

Picha zilizopitia WhatsApp ni habari nyingine. Zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa hizo za ndani. Kinachobaki ni jina la aina ya IMG-20230514-WA0003, ambamo tarehe ni ya kupita WhatsApp wala si ya kupigwa picha. Anayetaka bango la kuchapwa kwa ukubwa wa mita moja atume picha yake kama hati, nayo itafika nzima. Kwa upande wa pili, dalali anayetuma picha za nyumba kwa njia hiyo ya hati ajue kwamba anaweza kuwa anatuma na mahali hasa nyumba ilipo, na mnunuzi akaenda mwenyewe bila dalali.

Kwenye data, mharibifu mkubwa si kirusi. Ni Excel, na inaharibu ikidhani inasaidia. Mweka hazina wa kikoba huleta orodha ya wanachama iliyohifadhiwa kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, anaifungua kwa kubofya mara mbili, na namba zote za simu zilizoanza na 0754 zinaanza na 754. Hilo hurekebishika. Lisilorekebishika ni namba ya kitambulisho cha Taifa cha Tanzania, ambayo ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari, Excel huichukulia kuwa hesabu, nayo huhifadhi tarakimu 15 tu za mwanzo; tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri, na kwenye seli huonekana kitu kama 1.98506E+19. Mtu akibonyeza kuhifadhi hapo, namba halisi zimekwenda, na hakuna mpangilio wa seli utakaozirejesha. LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali kama Excel, ina ustaarabu zaidi: kabla ya kufungua CSV huonyesha dirisha ambamo unachagua safu na kuitaja kuwa ni maandishi. Excel nayo inaweza kufanya hivyo ukipitia menyu ya Data badala ya kubofya faili lenyewe, lakini sijakutana na mteja anayepita njia hiyo kwa hiari yake.

Orodha ikishakuwa salama, kazi ya kuisafisha huifanya OpenRefine, na hii ndiyo programu ninayotamani makatibu wa vikundi na shule wangeijua kuliko nyingine zote. Ilianza mwaka 2010 kwa jina la Freebase Gridworks, ikapita mikononi mwa Google, na tangu mwaka 2012 inaendelezwa na jamii ya watumiaji wake. Hufunguka ndani ya kivinjari, jambo linalowafanya watu wadhani data imepelekwa mtandaoni. Kumbe inaendeshwa kwenye kompyuta hiyo hiyo na hufanya kazi hata kifurushi kikiwa kimekwisha. Unaipa orodha ya majina nayo hukusanya yanayofanana: MWANAIDI SAIDI, Saidi Mwanaidi na «Mwanaidi  Saidi.» mwenye nafasi mbili na nukta huwekwa kapu moja, kwa sababu njia yake ya kwanza hugeuza herufi zote kuwa ndogo, huondoa alama za uandishi na kupanga maneno kialfabeti kabla ya kulinganisha. Njia nyingine huhesabu ni herufi ngapi zinatofautiana, hivyo Mohamed na Mohammed hukutanishwa pia.

Uamuzi wa kuyaunganisha hubaki kwako, na usiuharakishe, maana Said na Saidi wenye jina moja la ukoo wanaweza kuwa baba na mwana waliojiunga na kikundi siku moja. Kila hatua unayochukua huorodheshwa pembeni na unaweza kurudi nyuma hadi ya kwanza. Faili ulilolileta halikuguswa. Matokeo unayatoa kama faili jipya.

Kwa video na sauti sina mengi. VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, hucheza karibu kila kinacholetwa, na hilo linatosha. FFmpeg, programu ya kukata na kugeuza video kwa amri za maandishi iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ndiyo ninayoitumia mtu anapotaka kipande cha hotuba kutoka kwenye video ya saa tatu. Siri ni maneno mawili, -c copy, yanayoiamuru inakili picha na sauti jinsi zilivyo badala ya kuzisindika upya. Kazi ambayo ingechukua saa nzima huisha kwa sekunde chache na ubora haupungui. Ila mkato huangukia pale video yenyewe ilipohifadhi fremu kamili, hivyo mwanzo unaweza kusogea kidogo. Na video ya gigabaiti tano ikikataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele, kosa ni la FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili uliomo kwenye flashi nyingi, ambao haupokei faili linalofika gigabaiti 4. Hapo huingia 7-Zip, programu ya kubana mafaili ambayo Igor Pavlov aliitoa mwaka 1999 na hadi leo haina malipo. Huligawa faili kama hilo vipande vitakavyounganishwa mbele ya safari. Isitarajiwe kulipunguza, kwa kuwa video na picha za JPEG tayari zimebanwa.

Linabaki suala la nakala zinazobaki dukani. Vyeti, wasifu wa kazi na vitambulisho vilivyoskaniwa ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haimwachii mwenye duka uhuru wa kuzilimbikiza apendavyo. Kuzitupa kwenye kapu la taka la Windows hakutoshi. PhotoRec ile ile inaweza kuzifufua. Kwenye diski ya kuzunguka ninatumia BleachBit, ambayo huandika data nyingine juu ya faili kabla ya kulifuta. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, njia hiyo haiaminiki, kwa sababu diski yenyewe huamua iandike wapi na data ya zamani huweza kubaki pembeni. Huko folda ya kazi za wateja inakaa ndani ya hifadhi iliyofungwa kwa VeraCrypt, programu inayoificha data kwa nenosiri, na atakayeiba kompyuta ikiwa imezimwa ataambulia data isiyosomeka. Nenosiri likisahaulika, hata mimi sitaweza kuokoa kilichomo. Kwa hiyo humo huingia nakala za kazi peke yake, na flashi ya mteja hurudi mkononi mwake kabla hajalipa.