Nilivyowafundisha Wageni Kusoma Saa kwa Kiswahili

Katika kazi yangu ya kuwafundisha wageni Kiswahili hapa Nairobi, kosa ambalo limewachekesha na kuwasumbua wanafunzi wangu kuliko mengine yote si la ngeli, bali ni la saa.

Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Korea Kusini alikuwa na tiketi ya treni ya Mombasa iliyoandikwa 15:00. Alimpigia simu dereva wa teksi, akamwomba kwa Kiswahili kizuri aje kumchukua saa moja, akimaanisha 13:00, naye dereva akafika Kilimani saa moja asubuhi, akapiga honi langoni hadi mlinzi akaenda kumwamsha mgeni, aliyetoka na nguo za kulalia akiwa na hakika kwamba dereva ndiye aliyechanganyikiwa. Walipoelewana walicheka sana, na dereva akakubali kurudi mchana. Nimeona kwamba kosa hili huwapata hasa wale wanaozungumza vizuri, kwa kuwa anayeanza huuliza mara mbili, ilhali anayejiamini huagana na kukata simu.

Kanuni ya kuongeza au kupunguza sita ili kugeuza saa ya Kiingereza kuwa ya Kiswahili ni sahihi, lakini mwanafunzi anayepiga hesabu kichwani huachwa nyuma na mazungumzo. Kwa hiyo mimi huanza na jua. Nairobi iko kusini kidogo tu ya Ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza na kutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja, hivyo kuhesabu saa za mchana tangu kunapokucha ni jambo la maana kabisa kwetu, ingawa mtu aliyezoea majira ya baridi ya Ulaya, ambako mchana ni mfupi mno, halitambui mpaka aelezwe. Kisha kila saa naifunga kwenye jambo analoliona mwenyewe: saa moja asubuhi watoto wako njiani kwenda shule, saa saba mchana vibanda vya chakula vimejaa, saa kumi na mbili jioni foleni za matatu ni ndefu na nauli imepanda.

Kinachosaidia zaidi ni taarifa ya habari ya Kiswahili, ambayo vituo vyetu vikubwa vya runinga huisoma saa moja jioni. Nawaagiza waitazame na simu mkononi, ili wamsikie msomaji akitaja saa moja wakati simu inaonyesha 19:00. Sharti langu jingine ni kwamba wanafunzi wasiweke miadi yoyote bila kutaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, maana Wanairobi wenyewe huchanganya saa za Kiswahili na za Kiingereza katika sentensi moja.

Usemi wa "usiku wa kuamkia Jumatano" nauacha hadi saa ziwe zimekaa vizuri, kwa sababu mgeni husikia Jumatano tu, akafika kwenye mkesha siku moja baada ya wenzake.