Vilele Viwili Mahali pa Kimoja

Grafu ya DNA ya vimelea kutoka damu ya nyati ilisomeka vizuri kwa herufi za mwanzo, kisha ikavurugika. Palipotakiwa kilele kimoja kwa kila herufi, viwili vilipandana, A juu ya G, T juu ya C. Grafu ya mtamba, iliyotoka kwenye mashine pamoja nayo, ilikuwa safi toka mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa maabara Nakuru, na kazi yote ile ilitokana na swali la mzee mmoja wa upande wa Nderit, ambaye shamba lake limepakana na uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mtamba wake alikuwa amekufa kwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. "Daktari," aliniuliza, "ni nyati ndio wameniulia?"

Darubini haikuweza kumjibu. Tulikuwa tumevuta majimaji ya tezi iliyovimba chini ya sikio, tukayapaka kwenye kioo, tukayaacha yakauke, tukayaloweka kwenye methanoli dakika 5, halafu kwenye rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa nusu saa. Skizonti, hatua ya kimelea inayojigawa, zilionekana ndani ya seli nyeupe. Lakini skizonti za Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, na za T. taurotragi, kimelea cha pofu ambacho huingia pia kwa ng'ombe, zinafanana mno. Kioo cha damu kilionyesha piroplasma nyingi, hatua ya kimelea inayokaa ndani ya seli nyekundu, na hizo zinaweza kuwa za T. parva, za jamaa yake T. mutans, au za zote mbili kwa pamoja.

Ndiyo maana tukaenda kwenye jeni za vimelea. Damu ya mtamba ilitolewa kwenye mshipa wa shingo kabla hajafa, mililita 4 kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau wenye EDTA, inayozuia damu isigande. Mrija wa heparini haufai, kwani heparini hubaki kwenye DNA na kuizuia PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi. Damu ya nyati tuliipata kwa madaktari wa wanyamapori waliokuwa wamemlaza kwa dawa kwa shughuli yao nyingine. Zote zilikaa kwenye boksi la barafu bila kugeuka barafu.

Jeni tuliyolenga ni 18S, tukianza na kipande cha V4 chenye herufi karibu 500. Kingo zake hufanana kwa Theileria na jamaa zake Babesia zote, kwa hiyo jozi moja ya praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, huzishika zote, na katikati hutofautiana kulingana na spishi. Anaplasma, inayoenezwa pia na kupe, haishikwi hapo kwa sababu ni bakteria; hiyo hutafutwa kwa jeni ya 16S. Kila mara tuliweka mrija wa maji matupu tangu hatua ya kutoa DNA. Mrija huo ukitoa mstari kwenye jeli, yaani DNA imeingia isikotakiwa, matokeo yote ya siku hiyo hutupwa, hata kama yanapendeza.

Vilele viwili maana yake ni vimelea zaidi ya kimoja kwenye damu ile, na kwa nyati hilo ni la kawaida kabisa. Kusoma moja kwa moja hakuwezekani tena. Tulikuza 18S karibu nzima, herufi 1,700 hivi, tukaiingiza kwenye plasmidi, kiduara cha DNA kinachobebwa na bakteria, tukapanda bakteria hao kwenye sahani na kuchagua koloni nyeupe, kila moja ikiwa na nakala moja tu. Zikatoka T. parva, T. mutans, T. velifera, na ile jamaa ya karibu ya T. parva ambayo haina jina rasmi na huandikwa tu Theileria ya nyati.

Koloni moja haikufanana na chochote. Mwenzangu kijana alifurahi: "Daktari, hii si spishi mpya?" Nilimwomba aikate katikati na kuilinganisha nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ilikuwa T. mutans mtupu, nusu ya pili T. parva mtupu. Hilo hutokea ndani ya mrija wa PCR: nakala iliyoachwa nusu inajishikiza kwenye DNA ya kimelea kingine mzunguko unaofuata na kumalizikia huko. Dawa yake ni kupunguza mizunguko, kuongeza muda wa hatua ya nyuzi 72 ya kurefusha nakala, na kutoamini tofauti yoyote mpaka ionekane kwenye koloni zaidi ya moja kutoka PCR mbalimbali. Naamini baadhi ya "spishi mpya" zilizomo kwenye hifadhidata zilizaliwa hivihivi, na inaniuma, kwa maana mwingine atajenga mti wa nasaba juu yake.

Bado swali la mzee lilikuwa limesimama. Mtamba alikuwa na T. parva, na nyati pia, na 18S zao zililingana. Zamani vitabu viliandika T. parva parva kwa ya ng'ombe na T. parva lawrencei kwa ya nyati. Mgawanyo huo uliachwa kwa kuwa ni spishi moja. 18S inakupa tawi la mti, yaani spishi tu. Asili ya maambukizi inabidi uitafute kwenye jeni zinazobadilika haraka, kama Tp1 na Tp2 za T. parva, ambazo kwa vimelea vya nyati zina sura nyingi na kwa vya ng'ombe chache.

Tp2 ya kimelea cha mtamba ilikuja na sura moja, ile ya kawaida ya ng'ombe. Jambo la pili lilikubaliana nalo: grafu yake safi ilimaanisha zile piroplasma nyingi zilikuwa za T. parva yenyewe, na kimelea kinachotoka kwa nyati mara nyingi huua ng'ombe kabla piroplasma hazijawa nyingi.

"Mzee," nilimwambia, "kupe waliomuua huyu, naona walinyonya kwa ng'ombe kwanza." Kupe wa sikio hunyonya wanyama watatu tofauti maishani, na T. parva haipiti kwenye mayai yake. Lazima aipate akiwa lava au tunutu kwa mnyama mmoja, ajivue ngozi, ndipo aimwage kwa mwingine. Tukaenda kwenye boma na kufunua masikio ya ng'ombe waliobaki. Mgongo na mbavu zilikuwa safi, dawa ya kupe ilikuwa imefika. Ndani ya masikio kupe walikuwa wamejipanga.