Siku moja maishani mwangu: kuisikiliza ardhi kule Magu

Saa 11 alfajiri tunatoka Mwanza, pikapu imejaa waya, majembe, mabeseni na chumvi, ukituona utasema tunaenda kuanika dagaa. Timu kubwa iko Mara kwenye chemchemi ya maji moto wanatafuta jotoardhi, mi nimepewa kituo cha rejea, yaani cha kulinganishia vipimo, huku Magu, mbali nao makusudi, ili kelele za kwao zisizofanana na za kwangu zichujwe kwenye data.

Saa 2 tuko shambani kwa mzee mmoja. Mwangaluka baba, mwangaluka, halafu swali lilelile la kila siku: dhahabu mmeionea wapi? Huku jirani na Geita ukishika jembe na kompyuta ushakuwa mchimbaji. Nikamwambia haturushi umeme wowote ardhini, tunasikiliza tu, radi za huko mbali na misukosuko ya jua zinatoa mawimbi yanayozama chini, ya haraka yanaishia juujuu, ya polepole yanashuka kilomita na kilomita. Penye jotoardhi miamba inapikwa na maji moto inageuka udongo wa mfinyanzi, huo unapitisha umeme vizuri, ndo mfuniko wenyewe, tukiupata tunajua chungu kiko chini yake. Mzee kacheka sana, eti mmetoka mjini kuja kusikiliza radi. Akaongeza tuangalie waya zetu usiku, fisi wa huku wana wenyewe, wachawi.

Mpaka saa 7 ni jembe tu. Elektrodi 4, vile vipokezi vya umeme wa ardhini, kila moja mita 50 toka katikati, unazizika kwenye tope la bentonaiti (udongo unaoshika maji) na maji ya chumvi, halafu koili 3 za kupima sumaku, ya tatu inakaa wima na shimo lake ndo linanimaliza mgongo. Hakuna kuacha koili juu, upepo ukiitikisa tu data imeharibika. Mama wa pale kaleta chai na matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, asante mayu.

Saa 11 jioni nawasha. Nguzo za umeme ziko mbali lakini Hz 50, kelele ya umeme wa gridi, ileee kwenye data, haikosekani.

Saa 4 usiku ziwa limeanza radi zake, dereva kajificha kwenye gari mi nashangilia, ilimradi zisisogee maana zikipiga karibu mashine inazidiwa.

Saa 7 usiku chaneli ya umeme ya mashariki-magharibi imekata ghafla, na nje kuna kitu kinacheka. Nikakumbuka maneno ya mzee. Rejea yenyewe inahitaji sumaku tu bana, waya tutaunga asubuhi, nikavuta zipu ya hema mpaka mwisho.