Mizigo mikubwa bandarini Malindi, Unguja

Kosa kubwa la msafiri wa boti ni sanduku moja zito. Kilo 40 ndani ya begi moja humshinda mtu kwenye ngazi ya kupandia boti. Zigawe, kilo 20 kila mkono. Na ngazi yenyewe haitulii: siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, kwa hiyo iliyokuwa sawa alfajiri huwa mteremko mkali adhuhuri. Magurudumu madogo hukwama hapo. Nyanyua, usiburure.

Boksi lifunge kamba msalaba, fundo juu, lipate kushikika. Jina na simu andika pande mbili, kwani upande mmoja hulaliwa na mizigo mingine. Mchukuzi mpatane bei kabla hajagusa kitu, na umtajie idadi na mwisho wa safari: "vitatu, mpaka botini." Ukisema "ndani" tu, atakuacha mlangoni. Tiketi na kitambulisho viwe mfukoni, si kwenye begi linalopita mashine ya ukaguzi.

Anayeunganisha treni ya mwendokasi kwenda Dodoma aache nafasi ya kutosha. Boti ya kasi mpaka Dar es Salaam, inakoanzia treni hiyo, huchukua kama saa mbili, na kupokea mizigo huko nako kuna foleni yake.